Kupanga mitambo ya upepo bila kuwamaliza tumbusi

Upepo mzuri wa Bonde la Ufa uko kwenye matuta na kingo za magenge, na tumbusi huutafuta uleule ili wapae bila kupiga mabawa. Kwa hiyo kabla kaunti haijatenga eneo la umeme, pandanisha ramani nne: upepo, viota, mapito ya wanyama, na nyaya zilizopo. Tumbusi wa Rüppell hutaga kwenye magenge, kama ya Kwenia huko Kajiado na ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga juu ya miti, hasa migunga, basi viota vyake lazima vitafutwe kwa miguu. Wote wawili wako ukingoni mwa kutoweka, na jike hutaga yai moja tu kwa msimu.

Kosa linalorudiwa ni kuchora duara kuzunguka genge na kutangaza kwamba nje yake ni salama. Tumbusi huweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa siku. Duara hulinda kiota, ila ndege huuawa akiwa safarini, na safari hizo ndizo za kuhesabu.

Chagua vituo vya kutazamia, kila kimoja kisiangalie mbali kuliko kilomita 2. Zaidi ya hapo ndege wengi hupita bila kuonekana au hutambuliwa vibaya. Kima cha chini kinachotumika sana ni saa 36 kwa kila kituo kila msimu, kwa mwaka mzima. Andika aina ya ndege, uelekeo, na kama alipita chini ya mapanga ya mtambo, usawa wake au juu yake. Saa za kazi ni muhimu mno: tumbusi hungoja ardhi ipate joto, yapata saa tatu asubuhi. Mtazamaji anayefika alfajiri na kuondoka saa tatu ataleta karatasi tupu, na karatasi hiyo itatumika kupata kibali.

Usitegemee kwamba ndege atakwepa. Akiinamisha kichwa kutafuta chakula, mbele yake haoni kabisa. Afadhali asipewe sababu ya kutazama chini: ng'ombe aliyekufa kati ya mitambo aondolewe siku hiyohiyo. Mkataba utaje mchungaji apige simu kwa nani, gari la nani litakuja, mzoga utapelekwa wapi, na atalipwa nani. Bajeti hiyohiyo isaidie kuimarisha maboma ya mifugo ili wafugaji wasiwategee wanyama wakali sumu, maana mzoga mmoja uliotiwa sumu kwa ajili ya simba au fisi huweza kuua tumbusi kwa makumi.

Njia nyingine ni kusimamisha mtambo ndege anapokaribia. Mradi wa upepo wa Kipeto, Kajiado, wenye mitambo 60 na megawati 100, hutumia watazamaji wa ndege kwa kazi hiyo. Mtazamaji awe na mamlaka ya kuagiza moja kwa moja kwa redio. Mapanga hayasimami papo hapo, na dakika ya kumtafuta meneja ndiyo ndege anayoihitaji.

Kisha nyaya, ambazo wapangaji wengi huzisahau. Laini ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana hadi Suswa ina zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo kukagua eneo la mitambo peke yake hakutoshi. Kwenye laini ndogo za usambazaji, mabawa ya tumbusi, yanayozidi mita 2, huunganisha nyaya mbili ndege anapotua. Ning'iniza nyaya chini ya mkono wa nguzo, au zifunike pale anapotua. Kwenye laini kubwa hatari ni kugonga waya. Tundika vionyeshi vinavyouonyesha, hasa karibu na magenge na maji.

Mitambo ikishaanza, tafuta mizoga ya ndege chini yake kwa ratiba maalumu. Lakini kwanza weka mizoga ya majaribio kwa idadi inayojulikana, uone ni mingapi inabaki kesho yake na mingapi timu inaigundua. Bila jaribio hilo, sifuri kwenye ripoti huenda ni kazi ya fisi.