Kununua nyama kwa jumla Mwanza: robo ya ng'ombe, mizani na friza

Bei iliyoandikwa kwa chaki ubaoni buchani si bei ya nyama utakayokula. Ni bei ya nyama pamoja na mfupa, mafuta, utando na maji yatakayochuruzika kabla hujafika jikoni. Anayenunua kilo moja moja hana haja ya kuumiza kichwa kwa hilo, lakini anayechukua robo ya ng'ombe asipolipigia hesabu anaweza kubeba mzigo mzito na bado akawa amelipa zaidi ya jirani yake anayenunua nusu kilo kila jioni.

Tuanze na hesabu. Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, ambaye ndiye anayelisha mabucha mengi kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa, akishachinjwa na kuondolewa ngozi, kichwa, miguu na vya tumboni, kwa kawaida hubaki na kilo 100 hadi 150. Robo yake basi ni kilo 25 hadi 38. Robo ya nyuma yenye kilo 28 ukiitoa mifupa hukupa takriban kilo 19 za nyama tupu, kilo 6 za mifupa, na zinazobaki ni mafuta, utando na chembechembe zinazopotea kwenye gogo. Ng'ombe aliyekonda hutoa nyama pungufu ya hapo kwa sababu mifupa haikondi. Mwishoni mwa kiangazi, Agosti na Septemba, malisho yakiwa yamekauka, robo ya uzito uleule huwa na mfupa mwingi kuliko ya Mei.

Sasa weka bei. Hizi ni za mfano tu, wewe weka za bucha lako: mchanganyiko 10,000 kwa kilo, steki 12,000, mifupa ya supu 4,000. Muuzaji anakuambia ukichukua robo nzima atakupa kwa 9,500. Kilo 28 zinakuwa 266,000. Kama siku zote unanunua mchanganyiko, kilo hizo zingekugharimu 280,000, kwa hiyo umeokoa 14,000. Lakini kama nyumbani kwako mnakula steki, vitu hivyohivyo ukivinunua rejareja, yaani kilo 19 za steki na 6 za mifupa, ni 252,000. Umepunguziwa bei na umepoteza 14,000! Ndipo wengi wanapokosea. Kwa mla steki, robo hii inaanza kuwa na maana bei ikishuka chini ya 9,000. Ikifika 8,500 unalipa 238,000 na kuokoa 14,000, kabla ya kumlipa wa bajaji.

Kwa hiyo kabla ya kwenda buchani andika mambo mawili: mnakula kilo ngapi kwa mwezi, na mnakula nyama ya aina gani. Kaya inayokula kilo 2 kwa wiki haina sababu ya kununua kilo 28 peke yake. Itafute wenzake watatu.

Ukienda kuongea na muuzaji, nenda siku ya katikati ya wiki, saa nne au saa tano asubuhi, pilika za asubuhi zikiwa zimepungua. Jumamosi na siku za kuelekea Idd, Pasaka au Krismasi hana sababu ya kukupunguzia. Mpe taarifa siku moja au mbili kabla ili akuwekee. Mkubaliane kwa maneno yasiyo na utata: "Kaka, nataka robo ya nyuma, ya ng'ombe mmoja, na muundi wake, ipimwe kabla ya kukatwa, na kutoa mifupa kuwe ndani ya bei hiyo." Kila kipande cha sentensi hiyo kina kazi. Usiposema ng'ombe mmoja, utapewa paja la huyu na mbavu za yule mzee. Usipotaja muundi, unaweza kukuta umekatwa na kuuzwa kwa mtu wa supu. Usipotaja kupima kabla, utapimiwa vipande vilivyokwisha kuchanganywa na mafuta ya pembeni. Acha kiasi kidogo cha kumfunga, usilipe yote kabla hujaiona nyama.

Robo ya mbele au ya nyuma? Nyuma kuna paja, fileti na nyama ya mgongo, nzuri kwa rosti na kukaanga. Mbele kuna shingo, kidari, mbavu na bega, nyama ya kuchemka taratibu, ya pilau na ya kusaga. Kwa nyumba yenye watoto wengi na sufuria kubwa, robo ya mbele ndiyo yenye faida, kwa sababu kwa kawaida bei yake huwa chini, na kidari kilichochemka saa mbili na nusu kwa moto mdogo hakina cha kuionea wivu steki.

Siku ya kununua, angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama kwanza. Ni wino uliogongwa juu ya nyama yenyewe, sehemu ya nje ya paja, mgongo au bega. Robo kubwa isiyo na muhuri popote, iache hata kama bei inavutia. Mkaguzi ndiye anayepasua maini kutafuta minyoo ya maini, ambayo ni ya kawaida kwa ng'ombe wanaochungwa kwenye maeneo yenye majimaji, na ndiye anayetafuta viini vyeupe vya tegu ndani ya misuli. Wewe pia ukiona kwenye nyama vijifuko vyeupe mfano wa punje ya mchele, usichukue.

Rangi ina habari nyingi. Nyama nzuri ni nyekundu iliyokolea, imekauka kidogo juu, ukiibonyeza inarudi. Mafuta ya njano hayamaanishi imeharibika. Ng'ombe aliyekula majani au aliyezeeka huwa nayo. Ya kukwepa ni nyama nyeusinyeusi inayonata kidoleni. Huyo mara nyingi ni ng'ombe aliyetembezwa mwendo mrefu kutoka mnadani au kubanwa kwenye lori, akachinjwa bila kupumzishwa. Sukari ya kwenye misuli ilikwisha akiwa hai, kwa hiyo nyama haikupata ule uchachu mdogo unaozuia bakteria, nayo huharibika mapema. Ukiipika leo haina tatizo. Kwa friza ya miezi mitatu haifai.

Kwenye mizani, tazama stika ya Wakala wa Vipimo, kisha tazama kama mshale au namba ziko sifuri kabla chochote hakijawekwa. Ukitaka uhakika zaidi, beba maji. Chupa nne za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa zina kilo 6 na gramu chache za plastiki. Mizani ikisoma kilo 6 na nusu, umeshajua kwamba kila kilo 13 utakazolipia, moja haipo. Hakuna haja ya kugombana, sema tu kwamba unaomba ipimwe kwenye mizani nyingine. Lakini uwe mwadilifu pia: nyama iliyochinjwa alfajiri hupoteza asilimia moja na nusu hadi mbili ya uzito ikipoa. Kilo 28 zikipimwa kesho yake zikawa 27 na nusu, hujaibiwa.

Wakati wa kukata, simama pale. Omba mifupa itolewe kwa kisu, nyama ibaki vipande vikubwa vya kilo 2 hadi 3, mifupa ndiyo ikatwe kwa msumeno au shoka. Ukiruhusu robo nzima ipigwe panga juu ya gogo, unapata vipande vyenye vijiti vya mfupa vitakavyotoboa mifuko ndani ya friza, na unga wa mti wa gogo umejaa humo. Fileti itenganishwe. Muundi ukatwe vipande vinne kwa supu. Nyama ya shingo na mabaki ya pembeni yasagwe ukiwa na mashine nyumbani, au sagisha hapohapo kwa sharti kwamba mashine ioshwe kwanza. Mafuta yasitupwe, yachukue. Yakiyeyushwa kwa moto mdogo yanakaangia viazi vizuri sana. Utumbo, maini na mapafu usivitie kwenye ununuzi wa jumla hata kidogo. Vinaharibika upesi, nunua vya kupika siku hiyohiyo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo njoo na ndoo mbili safi zenye mifuniko. Usitumie ndoo au boksi lililowahi kubeba sangara au dagaa kutoka Mwaloni. Harufu ya samaki haitoki kwenye plastiki, na nyama, hasa mafuta yake, huinyonya.

Hapa sasa ndipo penye uharibifu mkubwa kuliko pote, na watu wengi huusingizia ng'ombe. Nyama iliyochinjwa usiku na kununuliwa saa moja asubuhi bado ina joto, na misuli bado haijamaliza kukakamaa. Ng'ombe huchukua kama saa 12 hadi 24 kufika hapo. Ukiikata vipande vidogo na kuitupa kwenye friza saa hiyo, misuli hujikunyata kwa baridi ya ghafla, na siku ya kuiyeyusha hujikunyata tena na kutoa maji. Utaichemsha saa nne na itabaki kama mpira. Tena ukirundika kilo 28 zenye joto mahali pamoja, zile za katikati zinakaa vuguvugu usiku kucha na kuchacha kabla ya kuganda.

Dawa bora ni bucha lenye chumba cha baridi. Omba robo ilale imening'inizwa ikiwa na mfupa wake, uichukue kesho asubuhi, na ipimwe hiyo kesho. Mfupa huishikilia misuli isijikunyate. Kama chumba hicho hakipo, peleka vipande vikubwa kwenye friji ya kawaida, nyuzi 4 au chini, vipangwe tabaka moja bila kugusana, vilale humo. Kesho yake ndipo uvikate vidogo na kugandisha. Friji ya nyumbani haiwezi kupoza kilo 28 kwa mara moja, usiilazimishe. Bucha halina chumba cha baridi na friji yako ni ndogo? Chukua kilo 8 hadi 10 tu, au gawaneni na wenzako. Kwa joto la Mwanza nyama haipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na kusubiri bajaji juani kumo ndani ya saa hizo.

Friza nayo ina kikomo chake. Kilo 25 za nyama zinahitaji nafasi ya lita 45 hadi 50. Lakini kuwa na nafasi si kuwa na nguvu ya kugandisha: friza ya lita 200 usiipe zaidi ya kilo 7 hadi 10 mpya kwa siku. Zilizobaki zisubiri kwenye friji mpaka kesho. Gawa kwa mlo mmoja mmoja, nusu kilo au kilo, kwenye vifungashio vya chakula, toa hewa, bapaza mpaka unene wa sentimita 2 au 3. Pakiti bapa huganda haraka, huyeyuka haraka, na hupangika kama vitabu. Usioshe nyama kabla ya kugandisha. Maji yale hugeuka barafu inayopasua nyuzi za nyama. Andika tarehe na aina kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu baada ya mwezi shingo na paja zinafanana kabisa. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, nyama ya vipande ni nzuri kwa miezi 4 hadi 12, ya kusaga miezi 3 hadi 4. Samaki wakae upande wao, wamefungwa.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa na kufungwa hushika baridi kama saa 48, iliyo nusu kama 24, ndiyo maana nafasi tupu hujazwa chupa za maji. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta imezama chini, barafu iliyeyuka ukiwa haupo, na nyama hiyo si ya kula. Kuyeyusha kufanyike kwenye friji tangu jana yake usiku. Nyama iliyoyeyukia mezani isirudi friza ikiwa mbichi, ipikwe.

Wasio na friza wanaokoa kwa njia ya kugawana. Kaya nne zinachukua kilo 12 au 16 pamoja na kuzigawa palepale. Kosa la kawaida ni kugawa kwa uzito peke yake, mmoja akaondoka na mifupa. Tenga kwanza aina: steki, mbavu, muundi, mafuta. Kila aina igawanywe mafungu manne yaliyopimwa, kisha kila kaya ichukue fungu moja la kila aina. Aliyegawa achague mwisho. Hapo mafungu yatakuwa sawa bila mtu kuambiwa. Pesa zikusanywe siku moja kabla, na nauli igawanywe na wote, maana anayekwenda buchani alfajiri kwa niaba ya wengine akibeba na nauli peke yake, mara ya tatu hatakwenda.