Kabla Hujaanza Kazi Kiwandani Tanga, Zingatia Haya

Ukiitwa kazini, iwe kwenye saruji, kwenye matanuri ya chokaa au kwenye korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, huko Muheza na Korogwe, najua utauliza mshahara kwanza. Uliza. Kisha uliza na haya, kabla hujasaini.

Upimwe afya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza na aendelee kupimwa akiwa kazini. Sisitiza kifua na masikio, na nakala ya majibu kaa nayo mwenyewe. Bila kipimo cha mwanzo, siku kifua kikianza kubana utaambiwa ulikuja nacho kutoka kwenu.

Kwenye vumbi, usikimbilie kuulizia barakoa. Barakoa ni kinga ya mwisho. Uliza kama mashine imefunikwa, kama kuna feni ya kunyonya vumbi, na kama sakafu haifagiliwi kavukavu. Vumbi la kokoto hulowanishwa. Chokaa isiyozimwa, ile ambayo bado haijatiwa maji, ni kinyume chake, ikipata maji inachemka. Ikikumwagikia, ikung'ute kavu kwanza, ndipo ujimwagie maji mengi. Ikiingia jichoni usisugue, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Kelele: ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye mkono mmoja tu kutoka kwako, hapo ni desibeli 85 au zaidi, kelele ya kuharibu masikio. Dai vizibo vya masikio.

Nguo za kazi zisiende nyumbani na vumbi lake. Wanao hawajaajiriwa kule.

Sasa shimo. Hapa naomba usome taratibu.

Maji machafu ya korona na makapi ya mkonge yakituama shimoni yanaoza, na yakioza yanatoa gesi ya hidrojeni salfaidi. Inanuka kama yai viza, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini. Niliwahi kuwa kwenye shamba moja pampu ilipoziba. Kijana akateremka na ngazi, kitambaa usoni. Alipofika katikati akatupigia kelele kwamba harufu imekwisha, tumpe spana. Sote tulifurahi. Spana ilikuwa bado mkononi mwa mwenzake alipoanguka kifudifudi kwenye tope. Yule mwenzake akaitupa na kumfuata mbio, na magoti yakamwishia kwenye vidato vya chini. Wa tatu alikuwa ameshavua shati. Mzee mmoja wa korona akamkumbatia kiunoni, akamng'ang'ania huku akitukanwa. Wa pili tulimpata kwa kamba, akapona. Wa kwanza tulimzika.

Harufu haikuwa imekwisha. Gesi hii ikifika kama sehemu 100 katika milioni moja za hewa, pua inakufa ganzi baada ya dakika chache, na ikizidi sana mtu anaanguka ghafla. Kitambaa hakizuii gesi. Barakoa ya vumbi nayo haizuii. Wapo wanaoshusha koroboi kupima hewa: usithubutu, shimo hilohilo lina methani na linaweza kulipuka.

Kwa hiyo kabla mtu hajaingia: hewa ipimwe kwa kipimo cha gesi, feni ipulize hewa safi hadi chini, aingie amevaa mkanda wenye kamba, na juu abaki mtu asiyeondoka hata kwenda kujisaidia. Kibali cha kuingia kiandikwe. Kimojawapo kikikosekana, kataa. Na mwenzako akianguka, usimfuate! Mvute kwa kamba na muwapigie Zimamoto 114. Anayeshuka kuokoa ni yule tu mwenye mtungi wake wa hewa.

Yaliyobaki ni mafupi. Hakikisha mwajiri amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana mchango wake analipa yeye, haukatwi kwako. Nawa kabla ya kula. Miezi ya joto kunywa maji kabla kiu haijakushika. Usiweke kemikali kwenye chupa ya soda. Jua mlango wa dharura uko wapi siku ya kwanza, na usione haya kuuliza pipa lisilo na lebo lina nini, hata kama wenzako wa zamani wanalipita tu.