Kufungua mafaili ya seva ndani ya edita yako, hata mtandao ukiwa wa kusuasua

Kuna mama mmoja ana nyumba ya wageni Nungwi, wavuti yake naiangalia mie kutoka hapa Chake. Siku moja usiku kanipigia, "Mwanangu, mbona bei za masika bado zipo na sisi tushaingia Julai?" Nkafanya kama nilivyozoea, nshushe faili kwa FileZilla kutoka kwenye seva (ile kompyuta ya mbali inayoshikilia wavuti), nirekebishe, nipandishe. Kumbe kwenye folda ya daunlodi mlikuwa na faili jengine jina lile lile la wiki nyuma, nkalirekebisha hilo nkalipandisha juu ya zima, kazi ya wiki nzima ikaenda na maji. Mteja hakujua, mie nlikesha.

Tokea siku hiyo sishushi tena faili. Edita, yaani programu ninayoandikia mafaili, inakwenda yenyewe kwenye seva, inafungua faili pale pale, ukisevu imesevu kule. Nakala ya pili hakuna, kwa hivyo hakuna ya kuchanganya.

Watu wengi wanaanza kwa kuchezea edita, wanaweka ekstensheni hii na ile, halafu wanalalamika kuwa nzito. Edita haina kosa yakhe, kazi iko kwenye SSH, ile njia ya siri ya kuingilia seva kutoka mbali. Tengeneza hiyo kwanza, edita yoyote utakayoweka juu yake itakwenda.

Anza na ufunguo, faili la siri linalokuingiza badala ya paswedi. Kama bado unaandika paswedi kila ukiingia basi acha leo, andika haya kwenye teminali (dirisha la amri) ya laptopu yako:

ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id fundi@203.0.113.10

(Hiyo namba ni ya mfano tu, weka ya seva yako, na fundi weka jina lako la kuingilia.) Ikikataa na bado inataka paswedi, mara nyingi ni ruhusa za folda kule kwenye seva, ~/.ssh iwe 700 na authorized_keys iwe 600, yaani wewe peke yako ndo unazigusa, SSH ikiona wengine wanaweza kuandika humo inaupuuza ufunguo na wala haikwambii kwa nini.

Sasa fungua faili la ~/.ssh/config kwenye laptopu yako, kama halipo litengeneze, andika hivi:

Host nungwi
    HostName 203.0.113.10
    User fundi
    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519
    ServerAliveInterval 15
    ServerAliveCountMax 3
    ControlMaster auto
    ControlPath ~/.ssh/cm-%C
    ControlPersist 10m

Ukishaweka hivyo unaandika ssh nungwi tu basi umeingia, na edita zote nitakazozitaja zinalisoma faili hili hili, jina nungwi linafahamika kote.

Hizo mistari mitatu ya Control ndo siri yenyewe kwa sisi wa visiwani. Seva yangu iko Ujerumani. Kila ukifungua uhusiano mpya wa SSH laptopu na seva wanaanza kusalimiana upya, wewe nani, funguo gani, tunaficha maneno kwa namna gani, maneno yanakwenda na kurudi mara kadhaa kabla hujaona hata herufi moja ya faili lako. Edita nyengine zinafungua uhusiano mpya kila ukisevu. Ni kama kupanda boti kwenda Unguja kununua kiberiti, ukarudi, ukakumbuka chumvi, ukapanda tena boti. ControlMaster inaifunga ile boti gatini ikusubiri, wa kwanza akishaingia wote wanaomfuata wanapita njia ile ile, na hata ukitoka inabakia wazi dakika 10. Ukijaribu utaona wewe mwenyewe, mara ya kwanza unangoja, mara ya pili imo.

ServerAlive nayo inauliza kila sekunde 15 "upo?", asipojibiwa mara tatu inakata. Bila ya hiyo mtandao ukipotea edita inakaa imeganda tu nawe umeganda nayo. Ikitokea bado imeng'ang'ania, ssh -O exit nungwi, uanze upya. Kwa mwenye Windows, ile SSH iliyokuja na Windows haifanyi ControlMaster, hiyo mistari mitatu itoe, au tumia WSL, yaani Linux ndani ya Windows.

Haya, edita sasa. Mie natumia Emacs na ndani yake mna kitu kinaitwa TRAMP, hukiweki kimo tayari. Bonyeza C-x C-f (C ni Ctrl) kama unafungua faili la kawaida halafu andika:

/ssh:nungwi:/var/www/html/bei.php

Limefunguka. Ukitaka faili la mwenye nyumba, yaani la root, unaunganisha:

/ssh:nungwi|sudo:nungwi:/etc/nginx/nginx.conf

Hii wallahi naipenda, huna haja ya kuruhusu root aingie kwa SSH, unaingia kama wewe kisha unapanda. Kwenye init.el yangu, faili la setingi za Emacs, nna haya:

(require 'tramp)
(setq tramp-default-method "ssh")
(setq tramp-use-ssh-controlmaster-options nil)
(setq tramp-auto-save-directory "~/.emacs.d/tramp-akiba/")
(setq vc-ignore-dir-regexp
      (format "\\(%s\\)\\|\\(%s\\)"
              vc-ignore-dir-regexp
              tramp-file-name-regexp))

Mstari wa tatu unamwambia TRAMP asilete mipango yake ya kushea uhusiano, atumie ile tuloandika kwenye config. Wa nne unaweka akiba, yaani nakala anayojisevia Emacs mwenyewe ukiwa unaandika, kwenye laptopu, maana ikiwa inapelekwa kule Ujerumani kila baada ya muda mkono wako unasita katikati ya neno. Ule wa mwisho mrefu unamzuia Emacs asiende kutafuta kama folda ina git (programu ya kutunza historia ya mafaili) kila ukifungua faili, hilo peke yake lilinipunguzia nusu ya kero, ila ujue hutaiona git ndani ya Emacs kwa mafaili ya mbali, utaiendesha kwenye teminali.

Na TRAMP akiganda kabisa, anazunguka tu hafungui, tizama prompti ya sheli yako kule kwenye seva, yaani ule mstari unaokungoja uandike amri. TRAMP anaingia kama mtu, anangoja aone alama kama $ au # ndo ajue ameshafika. Wewe umeweka zsh (aina ya sheli) ya mapambo, rangi, mishale, saa, tawi la git, maskini anasoma hafahamu anangoja mpaka kesho. Mie nlilaumu mtandao siku mbili nzima kwa jambo hili. Dawa, mstari huu juu kabisa ya ~/.zshrc ya kule:

[[ $TERM == "dumb" ]] && unsetopt zle && PS1='$ ' && return

TRAMP anajitambulisha kama teminali ya "dumb", kwa hivyo yeye anapata prompti ya kimaskini na wewe unabaki na mapambo yako. Mtandao ukikatika ukarudi, M-x tramp-cleanup-this-connection (M ni Alt) kisha endelea, usifunge Emacs.

Wa VS Code, weka ekstensheni ya Remote - SSH, bonyeza F1, chagua Remote-SSH: Connect to Host, nungwi ataonekana kwenye orodha maana anasoma config ile ile. Ni nzuri na ni nyepesi kuifahamu lakini ujue inachofanya, inaweka programu nzima kule kwenye seva ndani ya ~/.vscode-server na hiyo ndo inayofanya kazi. Inataka memori ya GB 1 kwa uchache na wenyewe wanasema bora 2, ukiwa na seva ya bei ya chee yenye MB 512 utaiua na wavuti ya watu itaanguka. Setingi ya remote.SSH.localServerDownload iache ilivyo, ukiiweka always programu ile inashuka kwanza kwenye laptopu yako ndo inapandishwa, bando lako linalipa mara mbili.

Vim: vim scp://nungwi//etc/hosts, mikwaju miwili kabla ya etc maana ukiweka mmoja anahesabu kutoka nyumbani kwako. Inatosha kwa kurekebisha mstari mmoja.

Wako wanaopenda sshfs, unaitundika folda ya seva kama flashi. Kwenye waya wa ofisini sawa. Huku mtandao ukikatika kila kitu kinachoigusa folda ile kinaganda, hata ls, mpaka uitoe kwa fusermount -uz. Nliiacha.

Umeme ndo jambo la mwisho, na tuliokuwa Unguja ile Disemba ya 2009 mpaka Machi ya 2010 waya wa baharini ulipokufa hatuhitaji kufundishwa. Edita inahariri tu, kazi ndefu kama kuhamisha data au kusasisha seva usiiendeshe ndani ya teminali ya edita. Ingia ssh nungwi, andika tmux new -s kazi, iendeshe humo. Ukizimika, kazi inaendelea kule, ukirudi tmux attach -t kazi unaikuta ilipofika. Na ukishagusa faili la nginx, programu inayoitoa wavuti kwa watu, kabla ya kuiwasha upya pitisha sudo nginx -t, kwa sababu sasa hivi unasevu moja kwa moja kwenye seva ilo hai, nukta-mkato moja ukiisahau halafu ukairistati, yule mama wa Nungwi atapiga tena usiku.