Namna ya Kuwaambia Wafuasi Wako Ukweli Kuhusu Kupungua Mwili

Mwongozo huu nimewaandikia wenye wafuasi wengi mitandaoni hapa Mombasa, wawe ni wapishi, wauza madera, wapambaji wa maharusi au walimu wa mazoezi, ambao wamepungua mwili kwa sindano za kupunguza uzito, kama Ozempic, na sasa wanaulizwa kila siku wametumia nini. Swali hilo si dogo, kwa sababu anayeuliza mara nyingi yuko tayari kutoa fedha zake, na pengine kuhatarisha afya yake, kwa kufuata jibu atakalopewa.

Kwanza amua kama utasema au utanyamaza. Afya yako ni siri yako, na hakuna mfuasi mwenye haki ya kudai cheti chako cha hospitali. Ila ukichagua kutoitaja sindano, usiizibe nafasi yake kwa kusifu maji ya ndimu, mdalasini, au matembezi ya alfajiri pale Mama Ngina. Mwanamke wa Kisauni atakayekunywa maji hayo miezi mitatu bila ya kuona tofauti hatajua kwamba ulimficha jambo. Atajiona mvivu, na walio karibu naye watamwona hivyo hivyo. Kwa maoni yangu madhara makubwa ya uongo huu yako hapo, maana kila njia inayofichwa humwongezea lawama mtu mnene ambaye hakupungua.

Ukiamua kusema, basi sema kwa ukamilifu. Taja jina la dawa, nani aliyekuandikia, na kwa nini. Semaglutide, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, hupunguza hamu ya kula na kukichelewesha chakula tumboni. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, waliochomwa dawa hiyo mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 68 walipungua kwa wastani wa takriban asilimia 15 ya uzito wao, hali wale waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua kwa asilimia 2.4 tu, ingawa makundi yote mawili yalipewa ushauri ule ule wa chakula na mazoezi. Wafuasi wako wanastahili kuisikia tofauti hiyo. Waeleze pia kuhusu kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo, kama yalikupata, na kwamba waliofuatiliwa baada ya kuiacha dawa walirudisha, ndani ya mwaka mmoja, kiasi cha theluthi mbili za uzito walioupoteza.

Usimpe mtu yeyote namba ya muuzaji. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutide bandia zilizogunduliwa katika nchi kadhaa, na hata iliyo halisi huharibika kwa kuwekwa vibaya. Kalamu ya Ozempic, yaani kile kifaa cha kujichomea chenye dawa ndani yake, ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyokwisha kuanzwa haitakiwi kupita nyuzi 30, kiwango ambacho joto letu la mchana wa Februari na Machi hukipita. Kalamu iliyovuka kivuko cha Likoni adhuhuri ndani ya mfuko wa plastiki haiaminiki tena. Anayeuliza mwelekeze kwa daktari, kisha kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Kuhusu fedha maelezo ni mafupi: kama umelipwa, umepewa bure au unapata kamisheni, liseme hilo mwanzoni mwa video, kwa Kiswahili, kabla hujaanza kuisifu bidhaa. Sheria ya Kenya ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza madai ya uongo juu ya bidhaa. Chukua mfano wa mwenye maslahi ya kibiashara: Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, ambaye alikuwa mkurugenzi katika kampuni ya kupunguza uzito ya WeightWatchers tangu 2015, alitamka hadharani Desemba 2023 kwamba anatumia dawa ya kudhibiti uzito, na mapema 2024 ikatangazwa kwamba anaondoka katika bodi ya wakurugenzi ya kampuni hiyo.

Picha za kabla na baada zipigwe kwa mwanga mmoja na vazi la aina moja, ziandikwe tarehe, na kama umefunga mkaja au umevaa koseti, useme. Norway tangu Julai 2022, na Ufaransa kwa sheria ya Juni 2023, zinawalazimisha wanaotangaza biashara mitandaoni kuonyesha kuwa picha ya mwili imerekebishwa. Nawe waweza kufanya hivyo bila ya kulazimishwa.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni maneno. Usiusimange mwili wako wa zamani, kwa kuwa mfuasi mwenye mwili kama ule anajua kwamba kicheko hicho kinamhusu yeye. Acha "nyama uzembe", acha "nilikuwa nimejiachia", na badala yake sema jambo linalopimika, kwa mfano, "Nilikuwa na kilo 96 na presha yangu ilikuwa juu." Unene wa kupindukia ni maradhi sugu yenye sababu nyingi, zikiwemo urithi, homoni, baadhi ya dawa, usingizi na aina ya chakula kinachopatikana kwa bei nafuu. Hapa kwetu mwanamke huambiwa harusini kwamba amenona na amependeza, akifika nyumbani huambiwa amezidi, na akikonda hunong'onezwa kuwa ni mgonjwa. Mtu aliyechoka kusimangwa huikwepa hata zahanati, ambako sukari na presha yake vingepimwa mapema.

Kwa hiyo futa maoni yanayomwita mtu "kibonge" kwa kebehi, hata yakiwa yanakusifu wewe, na uandike juu ya ukurasa wako kwamba hayaruhusiwi. Kisha rudi kwenye machapisho ya zamani ambayo hayakuitaja dawa. Usiyafute, kwa sababu waliokwisha kuyaamini hawatajua kilichobadilika. Ongeza maelezo sahihi juu kabisa pamoja na tarehe ya marekebisho, na kama kuna chai au programu uliyowauzia watu kwa picha hizo, isimamishe leo na uwarudishie fedha zao wanaozidai.