Somo: Siku moja Mombasa bila kutoka kisiwani

Mombasa mjini ni kisiwa, na siku ya mgeni huliwa na vivuko vyake: feri ya Likoni upande wa kusini, daraja la Nyali upande wa kaskazini, na njia ya Makupa kuelekea Changamwe, inayojaa malori ya bandarini. Mtu akipanga Fort Jesus asubuhi, twiga wa Haller Park mchana na ufuo wa Diani jioni, saa nyingi zitaishia kwenye foleni. Ratiba hii inabaki kisiwani, na inafuata jua: kupanda na kutembea kuishe kabla ya adhuhuri, mchana uwe wa kivulini, jioni iwe ya upepo wa bahari.

Kabla ya kutoka. Weka pesa kwenye simu na ubebe kitambulisho au pasipoti, kwa sababu kiingilio cha Fort Jesus hulipwa kidijitali kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma mtandaoni, na bei hutegemea uraia. Beba noti ndogo za tuktuk na vyakula vya barabarani. Vaa nguo nyepesi inayofunika mabega na magoti, maana Mji wa Kale ni mitaa ya watu wanaoishi na kuswali humo. Mfuko uwe wa kitambaa: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Hatua ya 1, saa moja asubuhi: kifungua kinywa. Kula mahamri kwa mbaazi za nazi katika mkahawa wowote wa karibu na Mji wa Kale. Hamri zuri huwa na uwazi ndani na hunukia iliki. Likiwa zito kama mkate, limekandwa jana. Ukichelewa utakuta mbaazi zimekwisha au zimeongezwa maji.

Hatua ya 2, saa mbili kamili: Fort Jesus. Lango hufunguliwa saa mbili, nawe uwe hapo. Wageni wengi hukosea mpangilio: huanza na vyumba vya maonyesho, kisha hupanda kuta jua likiwa kali na jiwe la matumbawe limeshika joto. Fanya kinyume. Anza juu.

Ngome hii ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukisimama juu ya ukuta wa upande wa bahari, utaelewa kwa nini walichagua mahali hapa: kila chombo kilichoingia bandari ya kale kilipita chini ya mizinga. Tazama pia sehemu ya chini ya kuta. Si mawe yaliyopangwa. Ni mwamba wenyewe wa tumbawe uliochongwa, na ujenzi ukaendelea juu yake. Hiyo ni sababu moja ya ngome kustahimili kuzingirwa na Waomani, kulikoanza 1696, kwa karibu miaka mitatu hadi ilipoanguka Desemba 1698.

Jua likipanda, ingia vyumbani. Vitu viwili visikupite. Cha kwanza ni mabaki ya San Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ikileta msaada kwa waliozingirwa. Cha pili ni michoro ya ukutani iliyofanywa na mabaharia wa Kireno: meli, samaki, watu, kwa mistari ya haraka ya mkono usio wa fundi. Simama karibu uone kamba za matanga zilivyochorwa moja moja. Aliyechora alizijua kwa kazi. Tenga saa moja na nusu hadi mbili kwa ngome nzima.

Nje ya lango utakutana na watembeza wageni. Wapo wazuri sana, lakini patana bei, muda na idadi ya vituo kabla ya hatua ya kwanza. Ugomvi mwingi huanza pale mgeni anapodhani anasalimiwa tu, na mwenzake ameshaanza kazi.

Hatua ya 3, saa nne: Mji wa Kale kwa miguu. Toka ngomeni ushike barabara ya Mbarak Ali Hinawy, inayokwenda sambamba na bahari, kisha urudi kwa Ndia Kuu. Ukifanya hivyo hutapita mahali pamoja mara mbili. Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570, utautambua kwa mnara wake mweupe ulio mnene chini na mwembamba juu. Asiye Mwislamu autazame kutoka nje. Mbele ni uwanja wa bandari ya kale, zilikofikia jahazi za Ghuba zilizokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Hapo bandarini kamera ibaki mfukoni.

Kwenye Ndia Kuu punguza mwendo. Inua macho uone roshani za mbao, halafu chagua mlango mmoja wa nakshi na uusome vizuri badala ya kupiga picha ishirini za mbiombio. Anza na mfaa, ule mti wa katikati unaopokea mbao mbili: hapo fundi ndipo huweka kazi yake nzuri zaidi. Kisha fuata mnyororo uliochongwa ukingoni mwa fremu hadi juu, ambako mara nyingi kuna maua au maandishi ya Kiarabu. Mwenye nyumba akiwepo barazani, salamu kwanza, ruhusa ya picha baadaye.

Hatua ya 4, saa sita hadi saa tisa: Marikiti, chakula, kivuli. Marikiti iko barabara ya Digo. Nunua viungo vizima, si vya unga. Unga hupoteza harufu haraka na huwezi kujua umechanganywa na nini. Pasua iliki moja: punje ziwe nyeusi na zenye kunata. Zikiwa kavu na za kahawia, hiyo ni ya zamani. Taja uzito kwanza, robo au nusu kilo, ndipo uulize bei, na utazame mizani.

Kula pilau, au wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha upumzike. Usiibane saa hii kwa kuongeza kituo kingine. Wanaofika jioni na kichwa kinawauma ni wale walioiruka. Baada ya hapo vuka kwenda mtaa wa Biashara kwa leso na vikoi. Leso huuzwa jozi: fungua zote mbili uhakikishe pindo halikupinda, rangi haikuruka na jina, yaani maneno yake, limeandikwa sawa. Mafundi wa kukata na kupinda wapo papo hapo mtaani.

Hatua ya 5: pembe za ndovu, Moi Avenue. Ni sanamu za aluminiamu zilizo juu ya barabara, na dakika tano zinatosha. Mwambie dereva wa tuktuk asubiri.

Hatua ya 6, saa kumi: Mama Ngina, bustani ya ufukoni. Maliza siku hapa, chini ya mibuyu, ukitazama meli za makontena zikiingia Kilindini kwa mkondo mwembamba kiasi cha kuona mabaharia sitahani. Omba dafu, ukipewa koroma, nyama itakuwa ngumu na maji yamepungua utamu. Viazi karai vile vinavyotoka mafutani sasa hivi, pamoja na ukwaju. Jua halizami baharini upande huu wa Afrika, kwa hiyo usingoje picha hiyo. Mwanga mzuri ni wa saa kumi na moja, likiwa nyuma yako.

Maswali ya wanachama

*Shukran mwalimu. Treni ya usiku kutoka Nairobi inanifikisha kabla ya alfajiri. Nifanyeje?*
Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa. Panga teksi mapema. Usichukue bodaboda gizani kwenye barabara ya malori. Fikia gesti, uache mzigo huko na ulale hadi saa kumi na mbili. Kuzunguka ngome na begi kubwa ni adhabu.

*Ijumaa inafaa?*
Inafaa, ila maduka mengi hufunga kwa swala ya adhuhuri, kwa hiyo nunua viungo kabla ya saa sita. Jumapili ndiyo mbaya kwa mtaa wa Biashara. Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufunga mchana. Anza saa nane, ufuturu huko huko.

*Nakuja na bibi yangu, magoti yanamsumbua.*
Uwanja wa kati wa ngome na vyumba vya maonyesho atavimudu taratibu; kuta na maburuji, yaani ngome ndogo za pembeni, ayaache. Mji wa Kale mpitisheni kwa tuktuk, mshuke Ndia Kuu tu.

*Niko Maskati, na babu zangu walipita Mombasa. Nitazame nini zaidi?*
Nyumba ya Waomani ngomeni na makaburi ya Wamazrui yaliyo karibu. Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani, waliitawala Mombasa hadi Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alipoitwaa mwaka 1837.

*Watoto wanalilia twiga. Haller Park haiwezekani kabisa?*
Yawezekana ukifuta hatua ya 3, ya 4 na ya 5. Toka ngomeni saa nne, vuka daraja la Nyali kabla ya msongamano wa mchana. Waonyeshe watoto mivinje: Bamburi palikuwa machimbo ya saruji, na upandaji miti ulianza mwaka 1971 juu ya jiwe tupu.

*Na feri ya Likoni, kuionja tu?*
Mwenda kwa miguu halipi, na kuvuka ni kama dakika kumi. Nenda saa tisa, kabla ya umati wa kutoka kazini, urudi na feri inayofuata. Picha haziruhusiwi.

*Treni ya kurudi ni usiku huohuo. Niondoke mjini saa ngapi?*
Uwe ndani ya gari ukiwa umebakiwa na muda wa saa mbili nzima kabla ya treni kuondoka. Msongamano wa Changamwe hautabiriki, stesheni kuna ukaguzi wa mizigo, na milango hufungwa kabla ya saa ya safari.