Jinsi ya kutumia vitabu vya mfukoni vya mainjinia wa zamani, na kujitengenezea cha kwako

Kuna jamaa kaniuliza juzi, kadaunlodi kitabu cha mainjinia cha miaka ya 1890 kutoka Internet Archive (maktaba ya mtandaoni), bure kabisa, majedwali mwanzo mwisho, sasa anataka kujua anaweza kukitumia karakana au ni pambo tu la simu. Kinatumika, tena sana, ila ukikiingia kichwa kichwa kitakuumiza. Mimi kimeshaniumiza, nitaeleza huko mbele.

Kabla ya yote jua umeshika nini. Zamani hizo injinia alikuwa porini anapima reli au yuko chini kwenye injini ya meli, hamna kalkuleta, hamna mtu wa kumpigia simu, kwahiyo kila alichohitaji kilibidi kiwe kwenye koti: majedwali ya logi (ya kurahisisha kuzidisha na kugawa), uzito wa vyuma, nguvu ya mbao, mwendo wa maji kwenye bomba, hadi namna ya kuchanganya dawa ya kuzibia jointi. Wajerumani walikuwa na Hütte, kilitoka 1857, na kilichonifurahisha ni kwamba walioanzisha ni chama cha wanafunzi wa ufundi pale Berlin, yaani vijana tu wamechoka kutafuta fomula zilezile kila siku. Waingereza wakapata cha Molesworth mwanzoni mwa miaka ya 1860. Marekani kulikuwa na Haswell tangu miaka ya 1840, alafu Nystrom, alafu Trautwine wa Philadelphia mwaka 1872, huyu alikuwa mkali, kwenye dibaji yake aliwasema maprofesa wakubwa wa wakati ule kwamba wamefukia mambo mepesi chini ya lundo la takataka za hesabu. Kitabu chake kikaja kuendelezwa na mwanae na mjukuu wake.

Huyo Molesworth msimpite haraka maana alifika huku kwetu. Guilford Molesworth, alijenga reli Ceylon (Sri Lanka ya leo) akaenda kuwa mshauri wa reli za serikali kule India, na mwaka 1899 akiwa keshagonga miaka 70 serikali ya Uingereza ikamtuma aje akague reli ya Uganda, ile inayoanzia Mombasa, mwaka uleule ilipofika Nairobi. Kwahiyo ukifungua kijitabu chake ukaona majedwali ya tuta, kona na mwinuko wa reli ujue sio nadharia za darasani.

Sasa kukisoma. Usianze ukurasa wa kwanza, utalala. Nenda ukurasa wa jina, angalia vitu viwili: toleo la mwaka gani na kimechapwa wapi, London au New York. Viandike pembeni kabisa kwa sababu kila namba utakayoichukua inategemea hapo. Alafu ruka mpaka faharasa ya mwisho, tafuta neno lako, ndio urudi kwenye jedwali. Ukifika kwenye jedwali soma kichwa cha safu na maandishi madogo ya chini kabla ya kuangalia namba yoyote, watu wengi wanafanya kinyume.

Kwanini London au New York ni muhimu? Galoni. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785, na vitabu vingi vinaandika galoni tu, kama vile kuna moja duniani. Tenki la galoni 500 kwa Mwingereza ni lita 2,273, kwa Mmarekani ni lita 1,893, hiyo tofauti ni lita 380, karibu mapipa mawili. Tani nayo hivohivo, ya Uingereza ni ratili 2,240 (kilo 1,016) na ile fupi ya Marekani ni ratili 2,000 (kilo 907), na hapa usiamini hata jina la mji maana Wamarekani wa zamani nao walikuwa wanaitumia ile ndefu, tafuta kitabu chenyewe kinasemaje. Nguvu ya farasi ya Kiingereza ni wati 746, ya Kijerumani ni kama 735. Uzito wa reli wanaupa kwa ratili kwa yadi, ukitaka kilo kwa mita gawa kwa mbili utakuwa karibu kabisa, reli ya 50 inakuja kilo 24.8.

Na bolti. Hapa ndio niliumia. Nilikuwa na pampu ya zamani ya Kiingereza, nati moja imepotea, nikapima kwa rula bolti ni nusu inchi, nikafungua kitabu changu cha Kimarekani kikaniambia nusu inchi ina meno 13 kwa inchi, nikatafuta nati ya meno 13 nikaipata, safi. Ikaingia kwa vidole, mzunguko wa kwanza, wa pili, kwenye wa tatu ikagoma. Mtu mwenye akili angeitoa. Mimi nikachukua spana, nikachomeka kipande cha bomba kwa nyuma nipate nguvu, nikavuta, na ikazunguka kweli, na ule mzunguko ndio ulikuwa wa meno kulika, nikabaki na bolti uchi kama msumari. Kumbe ile ni Whitworth, Mwingereza aliyepanga vipimo vya thredi mwaka 1841, na nusu inchi yake ina meno 12. Jino moja tu kwa inchi! Alafu pembe ya jino lake ni digrii 55 wakati Wamarekani tangu Sellers, mwenzao aliyewapangia thredi zao mwaka 1864, wanatumia 60, kwahiyo hata saizi ambazo idadi ya meno inalingana, kama robo inchi ambayo kote ni 20, bado hazikai sawasawa. Siku hizi sigusi nati kabla ya kuweka geji ya thredi, na ukikosa geji chukua bolti mbili uzibane ubavu kwa ubavu uangalie kwenye mwanga, meno yakiachia nafasi ujue ni ndugu wa mama tofauti.

Vya kutochukua kabisa humo ndani: bei zote (shilingi na peni za enzi za Malkia Victoria hazikusaidii), nguvu za chuma maana vingi vinaongelea chuma cha kufuliwa na chuma cha kusubu cha wakati ule, sio hiki cha leo, na zile dawa za rangi ya risasi na asbesto, usijaribu nyumbani, usijaribu popote. Vya kuchukua bila wasiwasi ni jiometri, eneo la duara, mzunguko, ujazo wa pipa lililolala, hizo hazizeeki.

Kufupisha historia, Mmarekani Kent akatoa chake 1895, Machinery's Handbook (ya mafundi wa mashine) ikaja 1914 na mpaka leo inachapwa, kuna masanduku ya vifaa ya Marekani yametengenezwa na droo ya katikati saizi ya hicho kitabu, ila mfuko wa shati hakiingii tena. Mwaka 1972 ikaja kalkuleta ya HP-35 ya dola 395 na kurasa zote za logi zikawa mzigo. Waliosoma sekondari na kile kitabu cha fofiga (cha majedwali ya logi) wanajua ninachosema.

Ila kuna kitu Kent aliandika kwenye dibaji, kwamba yeye alianza zaidi ya miaka ishirini nyuma kwa kufuata ushauri wa Nystrom, kila injinia ajitengenezee kijitabu chake mwenyewe kulingana na kazi anayofanya. Ndio hapo kitabu kizima kilipotokea, kwenye noti za mtu. Na hii unaweza kuifanya kesho.

Nunua daftari dogo la kuingia mfuko wa shati, jalada gumu, lifunike na nailoni au selotepu pana. Andika kwa penseli. Sio utani, kijitabu changu cha kwanza kilidumbukia kwenye ndoo ya dizeli, kalamu yote ikayeyuka ikawa wingu la bluu, penseli ikabaki inasomeka. Andika ukurasa wa kushoto tu, wa kulia uache wazi kwa marekebisho, na kurasa nne za mwisho ziwe faharasa. Kitu usikiandike mpaka uwe umekitafuta mara tatu, la sivyo utajaza mambo usiyoyahitaji, na kila namba iwekee umeitoa wapi na lini.

Ukurasa wa kwanza uwe mwili wako. Wazee wetu walikuwa na kitabu chao cha mfukoni kisichohitaji mfuko: shubiri mbili dhiraa, dhiraa mbili wari, wari mbili pima. Pima shubiri yako kwa tepu uiandike kwa sentimita, yangu ni 22, na hatua zako kumi za kawaida ni mita ngapi. Utashangaa utakavyoutumia ukurasa huo ukiwa saiti na tepu imebaki kwenye gari.

Mimi baada ya hapo nina drili za kutobolea kabla ya kuchonga thredi ndani ya tundu (M6 ni bolti ya milimita 6, na kuendelea): M6 drili 5, M8 drili 6.8, M10 drili 8.5, M12 drili 10.2 (ukisahau, toa hatua ya thredi, yaani umbali wa jino hadi jino, kwenye kipenyo, 10 toa 1.5). Motor ya fezi tatu, ampea ni kama mara mbili ya kilowati, hiyo ni ya kukisia tu, sahani ya motor ndio yenye neno. Alafu nondo: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya 12 ni 0.889, ikiwa na mita 12 inatakiwa iwe kama kilo 10.7. Ya 16 karibu kilo 19.

Hiyo ya nondo ndio imelipa gharama ya daftari. Kuna siku nililetewa mzigo wa nondo za 12, kwa macho ziko sawa, na kwa kuwa zina mikunjo hata kalipa haikupi jibu la uhakika. Nikapima moja kwenye mizani, kilo 8.9. Nikafanya hesabu kinyumenyume palepale kwenye ukurasa wa kulia, 8.9 gawa kwa 12, zidisha 162, tafuta kipeo, ikaja 10.96. Yaani nimeuziwa nondo ya 11. Dereva akaanza kusema mizani yetu mbovu, tukaweka mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, mizani ikasoma 50, akapakia mzigo wake akarudi nao.