Jinsi ya kuomba jalada la askari wa mizinga wa Kanada na kuifuatilia familia yake

Babu yake mume wangu, upande wa mama, alipigana Vita vya Pili vya Dunia akiwa askari wa mizinga katika jeshi la Kanada. Hakuwahi kusimulia. Alipofariki aliacha beji ya kofia yenye mzinga na gurudumu lake, na bahasha moja ya barua aliyoandika mwaka 1944. Mama mkwe alinitilia bahasha ile mkononi akasema, "Mwanangu, wewe karatasi hazikuchoshi. Nitafutie baba yangu."

Tangu hapo nimezisaidia familia nyingine pia, na kosa ninaloliona kila mara ni lile lile: mtu anakimbilia kujaza fomu akiwa na jina tu. Jina halitoshi. Wakanada zaidi ya milioni moja walivaa sare katika vita ile, na wenye majina yanayofanana hawahesabiki. Kusanya kwanza, omba baadaye.

Ni vita ipi?

Swali hili ndilo linaloamua kama unahitaji kuomba kabisa. Kama askari wako alipigana Vita vya Kwanza, 1914 hadi 1918, huna haja ya ombi. Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Kanada, iliyopo Ottawa, ilimaliza mwaka 2018 kupiga picha majalada yote ya kikosi kilichopelekwa ng'ambo, zaidi ya 620,000. Unaingia kwenye tovuti yao, unaandika jina la ukoo, unapakua bure.

Kama alifia katika Vita vya Pili, jalada lake nalo liko wazi. Waliokufa kati ya 1939 na 1947 wako kwenye Ancestry, tovuti ya kulipia ya kutafuta ukoo, na maktaba nyingi za umma nchini Kanada zinawaruhusu wanachama wao kuitumia bila malipo.

Ombi la maandishi ni la yule aliyerudi nyumbani salama. Babu yetu alikuwa mmoja wao.

Namba ya askari

Tafuta namba yake kabla ya kitu kingine chochote. Itafute kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, kwenye kitabu cha mshahara, au kwenye barua, kwa kuwa askari alitakiwa kuandika namba, cheo, jina na kikosi chake kwenye anwani. Medali za Vita vya Kwanza zimechongwa jina na namba ukingoni. Medali za Kanada za Vita vya Pili zilitolewa bila jina, kwa hiyo usijisumbue kuzigeuzageuza. Kama alikuwa ofisa, namba ya namna hii hakuwa nayo, na itakubidi ushike tarehe ya kuzaliwa.

Nyuma ya bahasha yetu, kwa penseli iliyofifia, palikuwa na herufi B, kisha tarakimu, kisha "Gnr" (cheo chake), jina, betri (kundi la mizinga) na rejimenti (kikosi kikubwa chenye betri kadhaa). Familia nzima iliamini babu alijiandikisha katika jimbo la Alberta, maana ndiko alikoishi na ndiko alikozikwa. Lakini namba za askari wa Vita vya Pili zilianza na herufi ya wilaya ya kijeshi alikojiandikishia mtu: A ni London ya Ontario na jirani zake, B Toronto, C Kingston, D Montreal, E Quebec, F Nova Scotia, G New Brunswick, H Manitoba, K British Columbia, L Saskatchewan, M Alberta. Herufi moja ile ilituhamishia msako wote Toronto, jimbo la Ontario. Kumbuka tu kwamba herufi inaonyesha alikojiandikishia, si alikozaliwa.

Ombi lenyewe

Fomu ya kuomba majalada ya jeshi iko kwenye tovuti ya hiyo Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka. Unaweza kuituma mtandaoni au kwa posta, kwa Kiingereza au Kifaransa. Jaza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya askari na kikosi, kisha eleza unachotaka. Mimi hushauri watu waandike waziwazi kwamba wanataka karatasi za kujiandikisha, mwenendo wa utumishi wake, na zozote zinazotaja ndugu.

Masharti yanategemea alifariki lini. Kama yu hai, lazima atie saini ya kukubali. Kama amefariki na haijatimia miaka 20, taarifa hutolewa kwa ndugu wa karibu tu, nawe uambatanishe ushahidi wa kifo na wa undugu. Ikishapita miaka 20, mtu yeyote anaweza kuomba, ila ushahidi wa kifo bado unatakiwa. Si lazima uwe cheti cha kifo: tangazo la msiba gazetini linakubalika, na picha ya jiwe la kaburi pia. Sisi tulipiga picha ya jiwe, tukahakikisha mwaka unasomeka.

Weka nakala ya kila ulichotuma pamoja na namba ya kumbukumbu utakayopewa, kisha uwe na subira. Jibu huchukua miezi mingi.

Wakati unasubiri, fuata familia

Sensa ya Kanada hufunguliwa baada ya miaka 92, na ile ya 1931 ilifunguliwa Juni 2023. Askari wengi wa Vita vya Pili wamo humo wakiwa bado watoto au vijana wa nyumbani. Inaonyesha wazazi walizaliwa wapi, wahamiaji waliingia nchini mwaka gani, hata kama nyumba ilikuwa na redio. Jaribu tahajia tofauti za jina. Karani aliandika alivyosikia. Kwa askari wa vita ya kwanza, tumia sensa za 1901 na 1911. Ukikuta kijana aliyezaliwa Uingereza anaishi shambani kwa watu wasio wa ukoo wake, tazama orodha ya watoto wa Kiingereza waliopelekwa Kanada bila wazazi, zaidi ya 100,000 kuanzia 1869. Wengi wao waliingia jeshini.

Jalada likifika

Anza na karatasi ya kujiandikisha: ndugu wa karibu, anwani, dini, kazi. Askari aliyekufa vitani ana fomu ya mirathi yenye wazazi na ndugu zake wote, na makazi yao. Hakuna karatasi nyingine inayoipita kwa mtafuta ukoo.

Mama mkwe alipoona "S.O.S." mbele ya jina la baba yake alishtuka, akadhani ni wito wa kuomba msaada. Maana yake ni kwamba askari ameondolewa kwenye hesabu ya kikosi fulani, "T.O.S." ni kuingizwa. Fuata herufi hizo na tarehe zake, utapata safari yake yote. "Gnr" ni askari wa mizinga wa cheo cha chini, "Bdr" ni anayemzidi. "C.A.R.U." ni kambi ya Uingereza walikosubiri kupangiwa rejimenti.

Ukishajua rejimenti na tarehe, fungua shajara ya vita ya rejimenti hiyo, yaani kumbukumbu zake za kila siku. Nyingi zinasomeka bure kwenye tovuti ya Canadiana. Jina la askari wa kawaida litaonekana kwa nadra. Soma mahali mizinga ilipowekwa, si kijiji kilichopigwa. Mzinga wa ratili 25 (uzito wa kombora lake) ulirusha hadi kilomita 12, kwa hiyo babu angeweza kupigana vita vya mji ambao hakuwahi kuuona kwa macho. Shajara huandika namba za ramani za mahali hapo; zipeleke kwenye ramani ya kijeshi ya wakati ule, utaona shamba alilolala.